Uani Kunalala Nani?

(Mazungumzo haya yalisikika kwanza redioni.)

Mwezi uliopita dada yangu, anayeishi katika nyumba aliyotuachia marehemu mama kwenye mtaa mmoja wa zamani wa jiji hili la Dar es Salaam, aliamua kujenga banda uani. Si banda la mchezo. Ni la mita nane kwa tano, la matofali na bati, la kuwekea viti vya plastiki, maturubai na masufuria makubwa anayokodisha kwenye harusi na misiba. Hadi leo viti hivyo vimepangwa ukumbini, na sisi tukienda kumsalimu tunapita ubavu ubavu kama kaa.

Msingi ulipofika kimo cha goti, akatokea kijana wa ofisi na faili lake kwapani. Akaamkia vizuri, "Shikamoo mama," naye dada akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu." Kijana akautazama msingi, akautazama ukuta wa jirani, kisha akauliza, "Hapa watalala watu wangapi?"

Dada akamjibu, "Mwanangu, hapa watalala viti mia tatu."

Kijana hakucheka. Aliandika karatasi ya kusimamisha ujenzi mpaka kibali kipatikane, akaaga, akaenda zake.

Simlaumu. Sheria inataka kibali kabla ya jembe la kwanza, na dada alianza na jembe. Lakini lile swali lake limenikaa kichwani. Hakuuliza banda litakuwa na kimo gani. Hakuuliza maji ya mvua yatamwagikia wapi, wala moto ukitokea watu watapita njia gani. Aliuliza nani atalala. Nikajiambia, swali hili kijana hakulitunga yeye. Amelirithi, na waliomrithisha hawapo tena duniani.

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao ya serikali yao, mwaka 1891, walitoa amri ya ujenzi mwaka huohuo. Mji uligawanywa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Ulaya peke yake. Ya pili ilitengwa kwa majengo ya kudumu. Ya tatu ndiyo iliyoachiwa nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa kwa makuti. Mtu akiisoma amri ile kwa haraka atadhani ni maneno ya mafundi tu, habari za mawe na chokaa. Lakini ni nani siku zile aliyekuwa na fedha za kujenga nyumba ya mtindo wa Ulaya? Walipokwisha kuutaja ukuta, walikuwa wamekwisha kumtaja mtu.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Wajerumani ilinunua shamba kubwa magharibi ya mji ili Waafrika wahamishiwe huko. Vita vikaingilia kati. Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, wakapafanya mahali pale kambi ya wapagazi wao wa jeshi, walioitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo.

Waingereza nao walikuwa na tatizo la kisheria. Tanganyika ilikuwa mikononi mwao kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, kwa hiyo haikufaa kuandika waziwazi kwamba mtu wa rangi hii akae huku na wa rangi ile kule. Basi katika miaka ya 1920 wakafanya kama waliowatangulia, wakaandika kanuni za majengo. Ukanda wa kwanza nyumba za kukaa za mtindo wa Ulaya, wa pili maduka na nyumba za biashara, wa tatu makazi ya wenyeji. Watu wa mjini hawakuhangaika na lugha hiyo. Waliita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakawa wameitafsiri sheria yote kwa maneno matatu. Na ule uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunaupenda kwa mikutano na mapumziko, uliachwa wazi ili Uhindini na Uswahilini visigusane.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo banda linapoingia.

Kule Uzunguni, nyuma ya kila nyumba kubwa, palikuwa na kijumba kimegandama ukutani, vyumba viwili vya kujibana. Wengine hadi leo wanakiita kota. Humo alilala mpishi, au dobi, au yaya, au mtunza bustani. Mwafrika ambaye kanuni za majengo zilimfungia asijenge mtaa ule, kanuni hizohizo zilimruhusu kulala mtaa ule, alimradi awe uani. Chai ya alfajiri haiwezi kutoka Kariakoo kwa miguu ikafika ingali moto. Mwajiri akikasirika, mtu alipoteza kazi na kitanda kwa siku moja.

Upande wa pili, Uswahilini, mambo yalikuwa kinyume. Nyumba ya Kiswahili mnaifahamu: baraza mbele, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ujia katikati, halafu unatokea uani. Uani ndiko kwenye jiko, bafu na choo cha shimo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Mwaka 1948 Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 69,000. Mwaka 1957 walikuwa zaidi ya 128,000, na mwaka 1967 walizidi 272,000. Viwanja vya Kariakoo havikunyooka kwa ajili yao. Watu wale waliingia wapi? Wengi waliingia uani. Kilichokuwa jiko kikawa chumba, kilichokuwa stoo kikawa vyumba viwili, na mpangaji mpya akaja na mkeka wake.

Nasema haya kwa sababu mimi ni mtoto wa uani. Kabla mama hajapata nyumba yake tulipanga banda la nyuma la mtu, miaka ya 1960, mama na watoto wanne. Siku ambayo Bwana Afya alipita mtaani kukagua vyoo na kumwaga maji yenye viluwiluwi vya mbu, habari zake zilifika kabla yake. Mwenye nyumba alitupigia hodi mapema: "Mama fulani, leo mgeni." Basi mikeka ilikunjwa, chungu kikafichwa, yakaingizwa magunia ya mkaa, na sisi watoto tukafukuzwa kwenda kucheza. Bwana Afya akiuliza, "Na humu mna nini?" mwenye nyumba hujibu bila kupepesa, "Stoo, bwana." Alijua, nasi tulijua kwamba anajua. Jioni mkaa unatoka, mikeka inarudi.

Kwa hiyo kijana wa juzi anapoambiwa "ni stoo" na asiamini, ana haki yake. Mji huu umeidanganya ofisi yake kwa neno hilohilo kwa miaka mingi, na mimi nilishiriki.

Serikali haikukaa kimya miaka hiyo. Mwaka 1956 ilitungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji, ya ukoo mmoja na ile iliyopitishwa Uingereza mwaka 1947. Huko Uingereza ya 1947 haki ya kuendeleza ardhi ilichukuliwa na dola, lakini vitu vidogo vya nyumbani vikapewa ruhusa ya jumla ili raia asipange foleni kwa ajili ya kibanda cha majembe. Hadi leo, pale England, mtu anaweza kwa kawaida kujenga banda kubwa bustanini bila kuomba, akifuata vipimo: liwe la ghorofa moja, lisisogee mbele ya nyumba, paa la mgongo lisizidi mita 4, na likiwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani lisizidi mita 2.5, tena majengo ya nyongeza yasimeze zaidi ya nusu ya kiwanja kinachoizunguka nyumba. Nao pia hawataki banda ligeuke makazi ya mtu bila idhini. Lakini jirani akilalamika, jambo la kwanza ni futikamba.

Kwetu futikamba haikupata nafasi, maana baada ya uhuru swali la nani analala uani liligeuka kuwa swali la nani anapokea kodi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ya udongo ya vyumba sita kwa kawaida haikufika huko, na banda la uani ndiyo kabisa. Baadaye kidogo halmashauri za miji zikavunjwa, na zilirudishwa mwaka 1978. Katika miaka hiyo watu waliendelea kuja mjini na mabanda yaliendelea kujengwa.

Halafu ikaja miaka ya 1980, ambayo wenye umri wangu tunaikumbuka kwa foleni za sukari. Mshahara wa mtumishi wa serikali haukufika katikati ya mwezi. Ndipo zile kota za Uzunguni, zilizojengwa kwa ajili ya mpishi, zilipoingiwa na kuku, na nyuma ya nyumba za wakubwa zikasikika sauti za ng'ombe. Hata watungaji wa sheria walikuwa na mabanda yao. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zikaweka kiwango: ng'ombe wasiozidi wanne, tena wafugwe ndani. Nimetafakari sana juu ya ng'ombe hao. Kuhusu binadamu wa uani, waliofikia maelfu kwa maelfu, tulikuwa tunakunja mikeka. Ng'ombe wakahesabiwa kwa heshima zote.

Sheria ya 1956 imeondoka. Ilichukuliwa nafasi na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na jiji lililohesabiwa watu 128,000 mwaka 1957 lilikuwa na zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Mpangaji wa uani yupo. Anauza maji, anashona, anaendesha bodaboda, na kodi yake ndiyo inayomsomesha mjukuu wa mwenye nyumba. Ningependa afisa akija amkute mtu huyo bila mtu kukimbiza mkeka, aulize kama chumba kina dirisha, kama choo kiko mbali na kisima, kama waya wa umeme haujapita juu ya jiko la mkaa. Maswali hayo yangewafaa wanaolala uani, na yangefaa hata viti.

Dada amekwisha kupeleka ramani iliyochorwa na fundi mwenye leseni. Kwenye fomu, palipoandikwa matumizi ya jengo, ameandika "stoo". Nilimshauri aongeze "ya viti", akasema, kaka, nafasi ni ndogo. Jibu halijatoka. Jumamosi hii kuna harusi kubwa mtaa wa pili na viti vyote vitachukuliwa, kwa hiyo nimemwambia nitakwenda kumtembelea siku hiyo, nipate pa kukaa.