Wanaopima Ukimya

Katika tamthilia fupi ya Trifles, wanawake wawili, Bi. Hale na Bi. Peters, wameachwa jikoni kwa mtu. Mwenye jiko, Minnie Wright, yuko mahabusu akishukiwa kumnyonga mumewe kwa kamba. Wanaume wamepanda ghorofani kutafuta ushahidi. Huku chini, ndani ya kikapu cha ushonaji, wanawake hao wanakuta kisanduku, na ndani ya kisanduku kuna ndege aliyevunjwa shingo, amefungwa kwa kipande cha hariri. Wanatazamana. Tamthilia nzima inategemea kutazamana huko.

Jukwaani kazi hiyo hufanywa na macho. Kwenye rekodi ya sauti macho hayapo. Kuna msomaji wa maelekezo ya jukwaani, kisha kuna ukimya, na urefu wa ukimya huo huamuliwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta nyumbani kwake, asiyelipwa hata senti, ambaye pengine hajawahi kuonana na msomaji hata mmoja wa mchezo anaouunganisha.

Susan Glaspell aliandika Trifles mwaka 1916, na mwaka huohuo ikachezwa Provincetown, Massachusetts. Chanzo chake kilikuwa kesi aliyoiripoti akiwa mwandishi wa habari kijana huko Iowa: mauaji ya mkulima John Hossack, Desemba 1900, ambayo mkewe Margaret alishtakiwa nayo. Kwa kuwa ni ya zamani kiasi hicho, hakimiliki yake nchini Marekani imekwisha. Yeyote anaweza kuicheza, kuirekodi na kuigawa bila kuomba ruhusa.

Ni kazi za aina hiyo ndizo zilizomvutia Hugh McGuire, mkazi wa Montreal nchini Kanada, alipoanzisha LibriVox, mradi wa kujitolea wa kurekodi vitabu kwa sauti, Agosti 2005. Mwaka mmoja kabla yake, watu mbalimbali walikuwa wamegawana sura za kitabu cha Lawrence Lessig, Free Culture, kila mmoja akarekodi ya kwake. McGuire akaona njia hiyo ingefaa vitabu vya kale. Kitabu cha kwanza kilikuwa The Secret Agent cha Joseph Conrad, kilichosomwa na wasomaji kadhaa wa kujitolea. Matini nyingi zilipatikana Project Gutenberg, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, na rekodi zikahifadhiwa Internet Archive. Desturi ya umma kukagua kazi kwa pamoja ilikuwa imeshazoeleka upande wa maandishi: tangu mwaka 2000, watu wa kujitolea wa Distributed Proofreaders walikuwa wakipitia vitabu ukurasa kwa ukurasa, jicho la pili likisahihisha la kwanza. Sasa kazi hiyo ikahitaji sikio.

Kitabu kina msomaji mmoja kwa kila sura. Tamthilia ni shughuli nyingine kabisa.

BBC ilipotangaza A Comedy of Danger ya Richard Hughes tarehe 15 Januari 1924, mchezo ulioandikwa mahsusi kwa ajili ya redio, ilitegemea waigizaji wanaosikiana. Kisa kinatokea gizani, katika mgodi wa makaa ya mawe huko Wales. Matangazo yalikwenda hewani moja kwa moja, na kosa likishatoka limetoka. Ulipokuja utepe wa sumaku, wahariri walijifunza kuukata kwa wembe na kuuunga tena. Kisha mwaka 2000 ikatolewa Audacity, programu ya bure iliyoasisiwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na ule wembe ukaingia kwenye kompyuta ya nyumbani. Bila chombo hicho ni vigumu kufikiria fundi wa kujitolea akikaa usiku na faili sita za Trifles: wahusika watano na msomaji wa maelekezo.

Faili hizo hazijuani. Aliyesoma nafasi ya Bi. Hale alisoma mistari yake tu, akiacha nafasi kidogo kati ya mstari na mstari. Bi. Peters alirekodiwa siku nyingine, mahali pengine, kwa kipaza sauti kingine. Mmoja ana mvumo wa feni nyuma yake, mwingine anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Kabla mhariri hajagusa chochote, mkaguzi husikiliza kila faili akiwa na matini mkononi: mstari uliorukwa, neno lililorudiwa, kiti kilicholia. Huandika dakika na sekunde ya kosa, msomaji akarekodi upya kipande hicho. Mhusika mmoja akichelewa, mchezo wote unamngoja.

Ndipo mhariri anapoanza. Hupunguza mvumo, husawazisha sauti zikaribie desibeli 89, kisha hupanga mistari mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo usanii wake unapoonekana. Mwanasheria anapomkatiza shahidi, jibu lazima liingie kabla neno la mwisho halijapoa. Likichelewa hata kidogo, ukali wote unaisha. Ndege anapoonekana, mhariri lazima awe na ujasiri wa kuacha kimya. Mwenye haraka huziba nafasi hiyo na kuwafanya wanawake wale waongee kama wanaosomeana orodha ya bidhaa. Mchezo uliounganishwa hurudi kwa mkaguzi, ausikilize tena mwanzo hadi mwisho.

Kuna kanuni moja ya LibriVox inayostahili heshima ya pekee. Mkaguzi hakosoi lafudhi wala namna ya kuigiza, isipokuwa msomaji mwenyewe ameomba maoni. Kazi yake ni matini na usafi wa sauti. Kwa hiyo shamba la akina Wright linaweza kupata mkuu wa polisi mwenye lafudhi ya mbali kabisa na Marekani, na hakuna anayemwambia akae pembeni. Wapo wasikilizaji wanaokerwa na mchanganyiko huo, lakini ndio uliowapa wengi ujasiri wa kufungua mdomo kwa mara ya kwanza.

Hazina ya michezo nayo inakua. Tarehe 1 Januari 2019, baada ya miaka 20 ya mlango kufungwa, kazi zilizochapishwa mwaka 1923 ziliachiwa huru kisheria nchini Marekani, na tangu hapo kila Januari huleta mwaka mwingine.

Katika rekodi za michezo, orodha ya wahusika mara nyingi husomwa na wasomaji wenyewe: kila mtu hutaja mhusika wake na jina lake, katika mwangwi wa chumba chake. Mhariri huyapanga majina hayo kama alivyoipanga mistari. Baada ya jina la mwisho na maneno ya kufunga, huacha sekunde 5 za ukimya, kama kanuni inavyotaka, na kuhifadhi faili.