Kicheko Katika Jumba la Mizuka

Filamu za kuchekesha zinazohusu majumba yenye mizuka zilistawi sana Marekani baina ya mwaka 1920 na 1941. Kwa mtazamaji wa haraka ni mzaha mtupu: mlango wajifunga, mshumaa wazimika, mtu mzima atimua mbio. Lakini tukizichunguza twaona kwamba zimebeba mambo mawili mazito, nayo ni tamaa ya mali na dharau ya mtu kwa mtu.

Tuanze na mali. Katika "The Haunted House" ya mwaka 1921, iliyochezwa na Buster Keaton, genge la watengenezaji wa fedha bandia limeifanya nyumba ionekane ina mizuka ili watu wasiikaribie. Hata ngazi yake hugeuka ghafla kuwa mteremko laini, na anayeipanda huporomoka hadi chini. Mchezo wa kuigiza wa John Willard, "The Cat and the Canary", wa mwaka 1922, ulifanywa filamu na Paul Leni, mwongozaji kutoka Ujerumani, mwaka 1927, kisha ukarudiwa mwaka 1939 akiwamo Bob Hope. Humo ndugu wanakusanyika usiku kusikiliza wasia wa tajiri aliyefariki. Mrithi ni msichana, naye akithibitika kuwa ana wazimu urithi utampita. Anayemtisha ni jamaa yake mwenyewe. Wahenga walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 1940 Hope alicheza "The Ghost Breakers", inayohusu jumba lililorithiwa huko Kuba. Mtumishi wake alichezwa na Willie Best, Mmarekani mweusi. Bwana na mtumishi wote wanaogopa. Hata hivyo, hofu ya bwana huishia katika ushujaa na mapenzi, ilhali hofu ya mtumishi yaonyeshwa kana kwamba ndiyo maumbile yake. Best alikuwa fundi wa kuchekesha, lakini baadhi ya filamu zake za mwanzo hazikuandika hata jina lake. Zilimwita kwa lakabu yenye maana ya "Usingizi na Kula".

Tukumbuke pia kwamba katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo, watazamaji weusi walitengwa katika majumba ya sinema, mpaka sheria ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi huo. Basi mtu aliyeketishwa kando gizani alitazama mwenzake akifanywa kichekesho juu ya pazia.

Hatusemi kwamba filamu hizi zitupwe. Ufundi wake ungalipo, na kicheko ni dawa ya hofu. Lakini mwalimu anayewaonyesha wanafunzi wake hana budi kuwauliza: nani anacheka, nani anachekwa, na taa zikiwashwa, ni nani aliyeruhusiwa kuacha kuogopa?