Londiani: Kambi Iliyogawanywa na Kiapo

Tarehe 8 Septemba haina maana kwa wengi wa Kericho. Jioni ya siku hiyo mwaka 1943, Marshal Badoglio, waziri mkuu wa Italia, alitangaza redioni kwamba Italia imeacha kupigana na Waingereza na Wamarekani. Kwenye baridi ya Londiani, ambako reli hupita kuelekea Kisumu, wanajeshi wa Italia walikuwa wamefungiwa ndani ya seng'enge.

Walitekwa vitani Ethiopia na Somalia mwaka 1941, vita walivyopigana vijana wetu wa King's African Rifles (KAR), wakaletwa Kenya kwa maelfu. Kambi ya Nanyuki inajulikana kwa sababu Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka mwaka 1943, wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini wenyewe. Kanisa dogo walilojenga wafungwa karibu na Mai Mahiu nalo lina sifa zake. Londiani haitajwi, na hilo linaniuma.

Wanajeshi hawa walikuwa wamemwapia Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu. Ghafla mfalme yuko pamoja na waliowateka, huku Mussolini, aliyeokolewa na Wajerumani, akiunda serikali yake kaskazini mwa Italia. Kambini Kenya, Waingereza wakawataka wafungwa waseme: anayekubali kushirikiana atapewa kazi na uhuru zaidi, anayekataa atabaki ndani. Waliokubali waliitwa wasaliti na watu waliokula nao chungu kimoja tangu Ethiopia. Wala waliokataa hawakuwa wafashisti wote. Wapo walioona aibu kugeuka kwa tangazo la redio. Na mwenye mke na watoto Milano au Torino, mikononi mwa Wajerumani, angetia sahihi kwa moyo gani?

Mwongozaji filamu Mfaransa Jean Renoir alikuwa ameligusa jambo hili la uaminifu unaovutwa pande mbili katika filamu yake ya 1937, La Grande Illusion. Humo ofisa Mfaransa aliyetekwa anaelewana mno na Mjerumani anayemlinda, maana wote ni wa ukoo bora, lakini anakubali kupigwa risasi na huyohuyo ili wenzake watoroke. Mussolini aliipiga marufuku filamu hiyo nchini Italia.

Vita vilipokwisha, wafungwa walirudishwa kwao. Mwaka 1957 Londiani ikapata chuo cha misitu, na ndicho kinachotajwa leo. Kaunti ya Kericho, inayojivunia chai yake mbele ya watalii, iitie kambi hii katika ramani yake. Na walimu wa historia wa Kipkelion Mashariki, ilipo Londiani, wawatume wanafunzi kwa wazee waliokuwa watoto wakati ule, kabla hawajaisha.