Ugonjwa Uliotoka Kizimbani

Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya nyoka na mijusi, ya kwanza ya aina yake duniani. Jengo lenyewe lilikuwa makao ya zamani ya wanyama walao nyama. Liligeuzwa, likatiwa vizimba vya vioo, na watu wakafurika. Nyoka walikuwa wametolewa nchi za jua na kuletwa kwenye mji wa baridi na moshi wa makaa, na wengine walipewa mablanketi ya kujikinga. Mwaka 1850 joka moja kubwa lililimeza blanketi lake zima. Lilikaa nalo tumboni takriban wiki tano, kisha likalitapika.

Kisa hicho kilisimuliwa sana mjini, na ndani yake mna jambo zito. Blanketi humfaa mwenye joto lake mwilini, kwa sababu kazi yake ni kulizuia joto hilo lisipotee. Nyoka hulipata joto kutoka nje: juani, kwenye jiwe lililoota jua, kwenye udongo. Akipoa, tumbo lake huacha kusaga chakula na kinga ya mwili hulegea. Waliomfunika kwa blanketi walimtakia mema, lakini hawakumpa chochote. Historia ya kutibu nyoka wa kufugwa ilianzia hapo, na kwa muda mrefu sehemu kubwa yake ilikuwa historia ya binadamu kurekebisha makosa ya kizimba alichokijenga mwenyewe.

Katika karne ya 19 nyoka mgonjwa hakuwa na daktari. Kuanzia 1865 bustani ya London ilimwajiri mtaalamu wa kupasua mizoga, hivyo mnyama alichunguzwa kwa makini zaidi akishakufa kuliko alipokuwa hai. Wagonjwa walifanana kila mahali: fizi nyekundu zenye usaha, makamasi puani, gamba lililogoma kuvuka, na zaidi ya yote, kukataa kula. Katika bustani za Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, majoka yaliyogoma yalishikwa na kundi la wanaume na kusukumiwa nyama kooni. Leo inajulikana kwamba mara nyingi mgomo wa kula ni dalili tu: nyoka ana baridi, ana hofu, anakaribia kujivua gamba, au ana maradhi mengine. Chakula kilichoingizwa kwa nguvu katika tumbo lililopoa huozea humo humo.

Mageuzi yaliletwa na mwanamke aliyekuwa mgonjwa karibu maisha yake yote. Joan Procter, aliyezaliwa 1897, alikabidhiwa nyoka na mijusi wa bustani ya London mwaka 1923. Jengo jipya alilolibuni lilifunguliwa 1927. Humo kizimba kilipashwa moto kwa umeme kulingana na mahitaji ya mkazi wake, na kulitumika kioo maalumu kilichopitisha miale ya jua ambayo kioo cha kawaida huizuia. Ndani ya kizimba kimoja palikuwa na sehemu ya moto na sehemu ya baridi, ili mnyama achague mwenyewe. Procter alifariki 1931 akiwa na umri wa miaka 34. Wafugaji wa leo wanaoweka taa upande mmoja wa kizimba na kivuli upande wa pili wanafuata njia yake, hata wasiomjua kwa jina.

Joto peke yake halikutosha, kwa maana adui mwingine alikuwa mdogo kuliko kichwa cha pini. Utitiri wa nyoka, ambao wanasayansi waliupa jina mwaka 1844, hunyonya damu chini ya magamba na kuzunguka macho. Mwaka 1948 mtafiti wa Marekani, Joseph Camin, alionyesha kwamba unaweza pia kuambukiza bakteria wanaosababisha sumu ya damu. Wafugaji walijaribu kupaka mafuta, kisha wakatumia vipande vya plastiki vyenye dawa ya kuua nzi. Utitiri ulikufa, lakini dawa ilipozidi nyoka nao walitetemeka na wengine wakafa. Matibabu yanayokubalika sasa yana subira zaidi. Kizimba humwagwa chote, magogo na matandiko hutupwa, karatasi tupu hutandikwa, na dawa aliyoipima daktari hurudiwa ili kuua utitiri unaoanguliwa baadaye.

Viuavijasumu navyo vilikuja na funzo lake. Madaktari walianza kwa kukisia kutokana na vipimo vya mbwa na binadamu, na baadhi ya nyoka wakafa kwa dawa badala ya ugonjwa. Mwaka 1979 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi gentamisini ilivyoharibu figo za nyoka. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walichapisha majaribio ya seftazidimu. Sindano moja iliyotosha kwa saa 72 ilitolewa kwa nyoka waliowekwa kwenye nyuzi 30 za Selsiasi. Mwili wa nyoka hutoa dawa polepole, na kasi hiyo hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Kwa hiyo kipimajoto kikawa sehemu ya dozi.

Ujuzi huo uliokoa wengi wenye nimonia, ugonjwa unaowatesa nyoka kwa namna ya pekee. Nyoka wengi hutegemea pafu moja tu, la kulia, na hawana kiwambo cha kuwasaidia kukohoa. Makamasi yakishajaa, hayana njia rahisi ya kutoka. Nyoka huinua kichwa, hufungua mdomo, na pumzi yake hutoa mluzi au mapovu. Huyo si wa kusubiriwa wiki ijayo.

Wakati huo biashara ya nyoka hai ilikuwa imepanuka. Kusini mwa Tanganyika, C.J.P. Ionides, bwana nyama wa zamani aliyeishi Liwale na Newala, alikamata maelfu ya nyoka, wakiwemo koboko wa kijani, na wengi wao walipelekwa kwenye bustani na maabara za mbali. Nairobi ilipata bustani yake ya nyoka mwaka 1961, karibu na jumba la makumbusho. Afrika Magharibi, hasa Ghana, Togo na Benin, ikawa chimbuko la chatu mdogo anayejikunja mviringo anapotishwa. Tangu 1975 zaidi ya milioni 3 wamesafirishwa wakiwa hai. Nyoka waliokuwa wametenganishwa na misitu, mito na bahari sasa walipangwa pamoja katika ghala moja, kila mmoja na vijidudu vya kwao.

Matokeo yalionekana Uswisi mwaka 1972. Katika shamba moja la nyoka, nyoka wenye sumu wa asili ya Amerika Kusini walianza kufa kwa ugonjwa wa mapafu, na uchunguzi ukakifichua kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Marekani iliona chatu na majoka ya boa yakitapika chakula, yakikodoa macho juu na kushindwa kujigeuza yalipolazwa chali. Chanzo kilisakwa kwa miongo minne. Mwaka 2012 maabara ya Joseph DeRisi huko San Francisco, ikichunguza nyoka waliougua katika hifadhi ya Steinhart ya mji huo, ilitangaza kwamba ilikuwa imepata virusi vya jamii ya arena, jamii inayojulikana zaidi kwa homa ya Lassa ya binadamu. Boa anaweza kuvibeba kwa miaka bila kuonyesha dalili; chatu huzidiwa haraka.

Ugonjwa huo bado hauna dawa. Ndiyo maana mfugaji makini humtenga nyoka mgeni kwa siku 90 katika chumba kingine, akiwa na vyombo vyake, na humhudumia wa mwisho baada ya wenyeji. Gamba likivuka vipande vipande, humwekea sanduku lenye unyevu na huacha utando wa jicho utoke wenyewe, kwa sababu kuuvuta kwa vidole kunaweza kulipofua jicho. Jiwe la umeme lisilo na kidhibiti joto huliondoa, maana nyoka huweza kulilalia hadi ngozi ya tumbo ikaungua. Akimfikisha mgonjwa kwa daktari, maswali ya kwanza huhusu nyumbani: upande wa moto una nyuzi ngapi, usiku hushuka hadi wapi, maji hubadilishwa lini, na nani mwingine ameingizwa kizimbani hivi karibuni.