Mwanamke Asiyetajwa na Tarihi: Kumfuatilia Mwanamke wa Kawaida wa Mombasa katika Hati na Kumbukumbu za Jamaa

Tarihi za miji ya pwani ya Afrika Mashariki ni tarihi za wanaume. Zinataja masultani, mashehe na matamimu. Zinahesabu vita na mapatano. Nao wanawake hutajwa aghalabu pale ndoa ilipounganisha nyumba mbili zenye nguvu. Hata Mwana Kupona, ambaye utendi wake wa mwaka 1858 unajulikana na kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwanamke aliyelima shamba la mwengine, aliyesuka ukili au kuuza vitumbua, ambaye hakuzaliwa na mtawala wala kuolewa naye, hana mahali katika tarihi hizo. Anayezisoma peke yake angeweza kudhani kwamba mwanamke huyo hakuwapo.

Makala haya yanadai kwamba alikuwapo, na zaidi ya hayo, kwamba mara nyingi aliandikwa. Kinachomficha si ukosefu wa hati tu, bali ni kwamba kila aliyemwandika alimpa jina jingine, kwa haja yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo kumtafuta ni kazi ya mwanahistoria na ni kazi ya mwanalugha pia.

Yafaa kuanza na dola, kwa kuwa dola ndiyo iliyojifanya kuandika kila mtu. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1901 katika Himaya ya Afrika Mashariki ilihesabu nyumba, wala haikuhesabu watu. Palipokuwa na desturi ya kila mke kuwa na nyumba yake, mume mwenye wake watatu alitozwa kodi ya nyumba tatu. Hivyo wake hao waliingia katika hesabu ya serikali kwa sura ya mapaa ya makuti au ya nyasi, bila jina. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwahusu wanaume wa Kiafrika, maana iliwekwa ili kuwadhibiti vibarua. Sheria ya kuandikisha watu iliyofuata mwaka 1947 iliwaingiza watu wa mataifa yote, lakini wanaume tu. Wanawake wa Kenya hawakujumuishwa katika uandikishaji huo mpaka mwaka 1978. Mwanamke aliyezaliwa Mombasa mwaka 1890, na akafa mwaka 1970, aliishi miaka themanini bila ya dola kumpa kitambulisho. Atakayemtafuta katika madaftari hayo atarudi mikono mitupu.

Lakini mwanamke huyo alioa­na na watu, aliachwa, alirithi na kurithiwa. Na kila mali au haki ilipohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, karani alichovya kalamu. Mwaka 1906 ilipitishwa sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu. Katika daftari la ndoa hutajwa mume, mke, mahari, mashahidi, na walii aliyemwoza bibi arusi. Msomaji mwenye haraka atalitazama jina la mke na kupita. Mwenye kujua sheria atalitazama zaidi jina la walii. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi pwani, walii wa kwanza ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume na jamaa wengine wa upande wa baba. Mwanamke aliyeachwa huru kutoka utumwani, asiye na jamaa hao, huozwa na aliyempa uhuru; na asipokuwapo huyo wala jamaa zake, kadhi ndiye walii. Basi mwanamke aliyeozwa na mtu asiyekuwa wa nasaba yake, na ambaye hakuwa kadhi, pengine ametuachia katika safu moja ya daftari habari ambayo jamaa zake hawakuisema kwa muda wa vizazi vitatu.

Jina lenyewe nalo lataka kusomwa kwa uangalifu. Kwa desturi mtu hujulikana kwa jina la baba yake: fulani binti fulani. Lakini mtu aliyeingia katika Uislamu bila baba Mwislamu aliweza kuitwa binti Abdalla, yaani binti wa mja wa Mungu, jina linalomstahi mwenyewe na papo hapo kuifunika asili yake. Wengine walichukua jina la bwana aliyewamiliki. Kwa hiyo mabinti Abdalla watatu katika mtaa mmoja si lazima wawe ndugu, na binti wa tajiri fulani katika hati huenda hakuzaliwa naye.

Mfano mashuhuri wa jambo hili ni Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, babake mwenye asili ya Unyamwezi na mamake mwenye asili ya Uzigua, akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, uimbaji wake ulipokwisha kumpandisha. Mtafiti angejuaje kwamba Mtumwa, msichana wa shamba aliyeuza vyungu, na Siti, ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri mjini Bombay mwaka 1928, ni mtu mmoja? Alijulikana kwa sababu alikuwa maarufu, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Wako wanawake wengi waliobadili jina kwa sababu zilezile ambao hawakuandikiwa wasifu. Nusu ya kwanza ya maisha yao na nusu ya pili zimekaa katika karatasi mbalimbali kama watu wawili wasiojuana.

Hati za mirathi na za ardhi zina manufaa ya namna nyingine. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani kuleta madai yao yasikilizwe, na wanawake walikuwa miongoni mwa waliodai. Sheria ya Kiislamu humpa mwanamke fungu maalumu, nayo mafungu hayo ni ushahidi. Tuseme mwanamume amekufa akaacha wake wawili, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wake hugawana thumni moja, kila mmoja akapata 1/16. Saba kwa nane iliyobaki hugawanywa mafungu manne: mwana hupata mawili, ambayo ni 7/16, na kila binti hupata moja, yaani 7/32. Ikiwa mwanamke anauza 1/16 ya shamba la marehemu mumewe, msomaji anajua kwamba yumkini alikuwa na mke mwenziwe, na kwamba marehemu aliacha mtoto, hata kama hati haikumtaja mwengine yeyote. Tarakimu iliyoonekana kavu imefichua nyumba nzima.

Upande wa bara kidogo, vitabu vya kanisa vinafuata desturi nyingine. Huko Rabai, ambako Krapf alifika katika miaka ya 1840, na katika kijiji cha Freretown kilichoanzishwa kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini katika miaka ya 1870, ubatizo ulimpa mtu jina jipya. Siku ya kwanza ya mwaka 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia katika vituo vya misheni walikombolewa kwa fedha iliyolipwa mabwana zao, wakapewa vyeti vya uhuru. Kwa wengi wao, wake kwa waume, huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza jina lao kuandikwa; nalo liliandikwa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulipwa.

Baada ya hati hizi zote yabaki yasiyoandikwa, nayo yamo katika vinywa vya wanawake wenyewe. Katika miaka ya 1970 Margaret Strobel na Sarah Mirza walikusanya Mombasa masimulizi ya maisha ya wanawake watatu, yaliyotoka katika kitabu mwaka 1989, na toleo la Kiswahili baadaye. Bi Kaje wa Mwenye Matano alikuwa wa ukoo wa kiungwana, na jamaa yake iliwahi kumiliki watumwa. Mishi wa Abdala alikuwa wa uzao wa watumwa, na alikuwa kungwi. Masimulizi yao yakiwekwa bega kwa bega, utumwa ule ule waonekana kutoka ukumbini na kutoka uwanjani. Hakuna daftari la serikali liwezalo kufanya hivyo.

Hata hivyo simulizi nayo ina mitego yake, na mitego hiyo ni ya lugha. Neno bibi laweza kuwa mke, laweza kuwa nyanya, na katika matumizi ya zamani laweza kuwa mwanamke anayemiliki mtumwa. Mzee akisema kwamba mamake alilelewa na bibi yake, maana zaidi ya moja zawezekana, na kati yake mna tofauti ya uungwana na utumwa. Vivyo hivyo ndugu si lazima awe wa tumbo moja. Miaka nayo haisemwi kwa tarakimu. Mwanamke atasema alivunja ungo wakati wa vita vya Mbaruku, ambavyo vilipiganwa mwaka 1895 na 1896, au wakati reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, mwaka 1896. Kutokana na hayo yawezekana kukadiria kuzaliwa kwake baina ya 1880 na 1884, na kukadiria huko ni kwa haki zaidi kuliko tarehe kamili iliyobuniwa na karani asiyemuuliza.

Kuna swali ambalo mtafiti hana budi kulijibu kabla ya kufungua daftari. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, ingawa masuria walingoja mpaka 1909. Katika ukanda wa pwani ya Kenya ulikomeshwa mwaka 1907. Lakini suala la kufu katika ndoa halikukomeshwa kwa sheria hizo, maana fikihi huutazama uhuru na nasaba pale wawili wanapolinganishwa. Jamaa iliyoficha kwamba nyanya yao alikuwa mzalia haikuficha kwa upuuzi. Ilikuwa ikiwalinda mabinti zake. Mtafiti anayelichapisha jina hilo anaweza kuvunja posa ya mtu aliye hai. Kwa upande wa pili, kunyamaza daima ni kumzika mwanamke huyo mara mbili: aliishi bila kuitwa kwa jina lake, na sasa hata wajukuu hawamwiti.

Njia ya kati ipo, nayo ni kuanzia nyumbani. Jamaa wenyewe waulizwe kwanza, na waulizwe maswali yanayomhusu mwanamke: nani alimwoza, nani alikuwa kungwi wake, nani alimwosha alipokufa, na ni mjukuu gani aliyepewa jina lake. Hapo ndipo hati ziletwe, zisomwe mbele yao, nao waamue ni lipi la kuandikwa na ni lipi la kubaki nyumbani. Waliozaliwa kabla ya 1907 wamekwisha kwenda. Waliowasikia kwa masikio yao ni wazee, na wanapungua. Madaftari yatangoja, wao hawatangoja.