Kipimajoto kilichosema kweli

Jamani, wiki mbili sijaandika, testi zilinibana mpaka basi. Leo wenzangu wa chumbani wamekwenda kuangalia mpira, nimebaki peke yangu na kisa kimoja cha historia ambacho hakinitoki kichwani tangu nirudi fildi.

Fildi nilikuwa kwenye kiwanda cha dawa, idara ya uhakiki wa ubora. Nilidhani meneja wa idara ile kazi yake ni kupima vidonge maabara. Kumbe wapimaji ni wengine. Yeye anasoma makaratasi ya kila bechi, toka malighafi inapoingia mpaka boksi linafungwa, halafu anasema itoke au isitoke. Hata mkuu wa uzalishaji hamuamrishi. Nikajiuliza, nguvu yote hiyo ya nini? Jibu nililipata Devonport.

Aprili 1971, kiwanda cha Evans Medical huko Liverpool, Uingereza, kilitengeneza bechi ya dripu za maji ya sukari. Chupa zikaingizwa kwenye mashine ya mvuke ili kuua vijidudu. Bahati mbaya hewa ikanasa sehemu ya chini, na mvuke uliochanganyika na hewa hauna nguvu ile ile. Chupa za juu zikapata joto la kutosha, za chini hazikupata. Kipimajoto cha chini kilionyesha hivyo hivyo! Ila waendesha mashine wakaona hicho ni kibovu, wakaamini cha juu. Sampuli zikapimwa, zikafaulu. Bechi ikatoka.

Karibu mwaka mzima bakteria wakazaliana humo kimya kimya. Machi 1972 dripu zile zikatundikiwa wagonjwa katika hospitali ya Devonport, mjini Plymouth. Watano wakafa.

Tume ya uchunguzi chini ya Cecil Clothier ilitoa ripoti mwaka huo huo. Ilisema watu wengi mno wanadhani kuua vijidudu kwenye dripu ni kazi nyepesi, ya mtu yeyote na mashine yoyote.

Sasa utauliza, si walipima? Piga hesabu nami. Tuseme chupa 1 katika kila 1,000 ni mbovu, nawe unapima 20. Nafasi ya kuikamata ni kama 2 tu kati ya 100. Ubora hauingizwi kwenye chupa kwa kupima mwishoni, unajengwa kila hatua, na lazima awepo mtu wa kuuliza kwa nini vipimajoto viwili havikubaliani. Mwaka 1975 nchi za Jumuiya ya Ulaya zikaliweka kwenye sheria: kila bechi ithibitishwe na mtaalamu mwenye sifa, na jukumu ni lake.

Haya, niungame. Usiku mmoja kule fildi nilipewa kazi ya kuandika joto la chumba kila nusu saa. Saa tisa usingizi ukanizidi. Nilipoamka nikajaza nafasi tatu kwa namba zinazofanana na za juu. Asubuhi meneja, mama mmoja mpole sana, akaziangalia, akaniuliza, "Mwanangu, hizi umeziona au umezitunga?"

Nikasema nimezitunga, mama. Hakunigombeza. Akaizuia bechi nzima mpaka uchunguzi uishe. Vijana wa zamu hawakunisemesha siku nne, maana walipangiwa Jumamosi ya ziada kwa sababu yangu. Nilimwona mkatili. Chumba chenyewe hakikuwa na joto lolote la ajabu!

Lakini chumba kuwa salama na mimi kujua kwamba ni salama ni vitu viwili. Wale wa Liverpool angalau waliandikiwa ukweli na kipimajoto, wakaudharau. Mimi sikumwachia yule mama ukweli wowote wa kusoma.

Mpira umeisha, nawasikia kwenye ngazi. Usiku mwema.