Ifahamu SACIDS: Maabara ya SUA inayofuatilia nyayo za virusi

Taasisi ya SACIDS ya Afya Moja ni kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza chenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), mkoani Morogoro. Ilianzishwa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa taasisi za Tanzania, Zambia, Msumbiji, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Afrika Kusini. Mwaka 2016 kituo chake kilikuwa miongoni mwa vituo vya umahiri vya Afrika Mashariki na Kusini vilivyofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Msingi wa kazi yake ni dhana ya Afya Moja, inayotambua kwamba afya ya binadamu, wanyama na mazingira haiwezi kutenganishwa. Nyenzo yake kuu ni baiolojia ya molekuli, yaani elimu ya uhai katika kiwango cha vinasaba.

Sampuli ya mnyama mgonjwa inapofika maabara, wataalamu hutenga vinasaba vya kirusi. Kipande kilichochaguliwa hurudufishwa mara nyingi kwa mashine ya PCR, kisha mpangilio wake husomwa na kulinganishwa na wa virusi vilivyopatikana kwingineko. Kwa njia hiyo hujulikana si jina la ugonjwa pekee, bali pia asili yake.

Mfano ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu hauambukizi binadamu, lakini unaweza kuteketeza banda zima kwa siku chache na kumwacha mfugaji bila mtaji wala ada ya shule ya watoto. Kirusi chake huishi kwa ngiri na papasi bila kuwadhuru. Watafiti wa SUA walipochunguza milipuko ya mwaka 2010 hadi 2012 nchini, walibaini kirusi cha kundi la pili la vinasaba. Kundi hilo lilikwishajulikana Msumbiji, Zambia na Madagaska, na mwaka 2007 lilifika Georgia.

Matokeo ya namna hiyo yana uzito katika maamuzi. Iwapo chanzo ni ngiri wa jirani, ulinzi huanzia kwenye uzio wa banda. Iwapo kirusi kimesafiri na nguruwe hai au nyama, ulinzi huanzia mpakani, barabarani na machinjioni.

Hata hivyo, maabara haiwezi kuchunguza sampuli isiyoifikia. Mfugaji anayeficha vifo au kuuza haraka nguruwe wagonjwa huusambaza ugonjwa na kuufuta ushahidi. Wafugaji wanahimizwa kutoa taarifa mapema kwa afisa mifugo wa kata, kutohamisha nguruwe kutoka eneo lenye mlipuko, kutowalisha mabaki ya nyama ya nguruwe na kuweka dawa ya kukanyagia mlangoni mwa banda.